Ujira wa Wachambuzi wa Tabia na Mambo Yaupandishayo na Kuushusha



Mwezi huu tumeletewa barua na mzee mmoja wa Tanga, nasi tumeona kuwa jawabu yake yafaa isomwe katika kila nyumba yenye kijana aliyeko masomoni, au aliyesafiri kwenda kutafuta riziki ng'ambo. Mzee wetu huyu ana binti aliyeko Marekani, katika jimbo la Ohio, na huu ni mwaka wake wa pili huko. Binti ana digrii ya kwanza aliyoipata hapa kwetu. Amempasha babake habari kwamba kazi aifanyayo ni kuwasaidia watoto wenye usonji, chini ya uangalizi wa mtu aitwaye mchambuzi wa tabia; na kwamba sasa ataka kuingia chuoni tena ili naye awe mchambuzi kamili.

Mzee atuandikia hivi: "Mimi nilivyofahamu ni kuwa mwanangu analea watoto wa watu. Mwezi mmoja hutuletea fedha za kutosha karo ya mdogo wake. Mwezi wa pili hutuletea nusu. Mwezi wa tatu husema watoto wameshikwa na mafua. Sasa ataka asome miaka miwili mingine, na mkopo alioonyeshwa una riba. Je, nimwambie aiache kazi hii ashike uuguzi, au nimwache aendelee?"

Swali hili ni zito kuliko lionekanavyo. Mzee hakuuliza tu mshahara ni kiasi gani. Ameuliza kwa nini ujira wa mwanawe waenda kama bahari, mara wajaa mara wapwa. Na mtu asipojua kiujazacho na kiupwishacho hawezi kumpa mwanawe shauri la haki. Kwa hiyo tutaeleza kwanza kazi yenyewe, kisha vyeo vyake, kisha malipo yake na sababu zake, na mwisho tutarudi kwa mzee wetu na jawabu.

Mchambuzi wa tabia si daktari wa kutoa dawa, wala si mwalimu wa darasani, wala si yaya. Kazi yake ni kuchunguza kwa nini mtu hufanya alifanyalo, kisha kubadili yale yatanguliayo na yale yafuatayo kitendo hicho, ili kitendo kizuri kikue na kibaya kififie. Elimu hii ilipata msingi wake kwa Mmarekani B. F. Skinner, aliyetoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1938, akionyesha kwamba kitendo hujirudia au hupungua kwa kadiri ya matokeo yake. Mwaka 1968 likaanza kutoka jarida la kuitumia elimu hiyo katika mambo ya watu, na ndani yake makala mashuhuri ya Baer, Wolf na Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas.

Natutoe mfano. Yuko mtoto wa miaka minne, hasemi. Kila asubuhi hupiga kichwa chake ukutani, na mama, kwa huruma na hofu, humpa biskuti ili anyamaze. Majirani husema mtoto ana wazimu. Mchambuzi hasemi hivyo. Yeye huketi na kalamu yake, akaandika: kabla ya kupiga kichwa palikuwa na nini, na baada yake alipata nini. Mwisho hutambua kwamba mtoto huyu amejifunza lugha, ila lugha yake ni ukuta. Basi humfundisha kutoa kijipicha cha biskuti na kukitia mkononi mwa mama. Akikitoa, hupewa papo hapo. Na kila siku huhesabiwa mara ngapi ametoa kijipicha na mara ngapi amepiga kichwa. Hesabu hiyo ndiyo ionyeshayo kama mafunzo yafaa au hayafai. Kazi hii yataka subira, yataka jicho, tena yataka ukweli wa kuandika lililotokea na si lile litamaniwalo. Mzee wetu ajue kuwa hilo ndilo alifanyalo binti yake.

Jambo lililoifanya elimu hii ishike kwa watoto wenye usonji ni uchunguzi wa Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliotangazwa mwaka 1987. Watoto 19 walifundishwa mmoja mmoja, kiasi cha saa 40 kwa juma, kwa muda wa miaka miwili au zaidi. Na 9 kati yao wakafikia kusoma darasa la kwanza pamoja na watoto wengine kama kawaida. Wataalamu walimteta, kwa kuwa watoto hawakugawanywa kwa kura, na kwa kuwa baadhi ya njia alizozitumia zilikuwa na ukali ndani yake, hata kofi la pajani. Ukali huo leo wachambuzi wengi wameuacha, ijapokuwa wako watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hii ambao hadi leo huyalaumu, nao wana haki ya kusikizwa. Lakini neno moja la uchunguzi ule halikuondoka: saa. Tangu siku zile kazi hii hupimwa kwa saa, huagizwa kwa saa, na hulipwa kwa saa. Msomaji alishike neno hilo, maana ndilo ufunguo wa barua ya mzee wetu.

Tuje kwenye vyeo. Mwaka 1998 lilianzishwa Marekani baraza la kutoa vyeti kwa wachambuzi wa tabia, lijulikanalo kwa herufi zake BACB. Daraja zake kubwa ni tatu. Ya chini ni ya msaidizi aliyeandikishwa, aitwaye RBT, iliyoanzishwa mwaka 2014. Msaidizi yampasa awe ametimiza miaka 18, amemaliza shule ya sekondari, amepata mafunzo ya saa 40, ajaribiwe kazini, kisha apasi mtihani. Ya kati, BCaBA, ni ya mwenye digrii ya kwanza na masomo maalumu. Ya juu ni ya mchambuzi kamili, BCBA. Huyu sharti awe na digrii ya pili, yaani shahada ya uzamili, awe amefanya kazi chini ya msimamizi kwa saa 2,000, au saa 1,500 kwa usimamizi wa karibu zaidi, kisha apasi mtihani ambao wengi huurudia. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Binti yetu yumo katika daraja ya chini. Yeye ndiye akaaye na mtoto sakafuni saa baada ya saa. Mchambuzi hupanga mafunzo, hutazama hesabu, hubadili lisilofaa, huzungumza na wazazi, na huwasimamia wasaidizi kadhaa kwa pamoja. Kufikia mwaka 2024 wenye cheti cha juu walikuwa wamepita 60,000, na wasaidizi walioandikishwa wamepita 150,000.

Sasa fedha. Idara ya takwimu za kazi ya Serikali ya Marekani haiwahesabu wachambuzi wa tabia peke yao. Aghalabu watu huwatia katika kundi la washauri wa uraibu, wa matatizo ya tabia na wa afya ya akili, ambao mshahara wao wa katikati, yaani ule ambao nusu ya watu wako juu yake na nusu wako chini yake, ulikuwa dola 53,710 kwa mwaka ilipohesabiwa Mei 2023. Lakini kundi hilo lina watu wengi ambao kazi yao na masomo yao ni mbali na haya, kwa hiyo atakayeishika hesabu hiyo atapotea. Matangazo ya kazi ya miaka hii yasema zaidi: msaidizi hupewa baina ya dola 17 na 25 kwa saa; mchambuzi kamili hupewa baina ya dola 65,000 na 95,000 kwa mwaka; na katika majimbo ya gharama kubwa, au akiwa mkuu wa kituo, huvuka 100,000.

Hapa ndipo vijana wengi hutekwa. Huona kiwango cha juu, wakakisahau cha chini, wala wasiulize ni nini kimtoacho mtu hapa kikampeleka pale. Sisi twaona sababu ni nyingi, ila kubwa yao ni moja, nayo ni mlipaji.

Zamani, mzazi wa Marekani aliyetaka mafunzo haya kwa mwanawe alilipa mfukoni mwake, na saa 40 kwa juma ni mzigo uwezao kuuza nyumba ya mtu. Wachambuzi walikuwa wachache, na kazi zao nyingi zilikuwa katika nyumba za serikali na mashule. Kisha wazazi wakaenda mabungeni. Mwaka 2001 jimbo la Indiana lilitunga sheria ya kuzilazimisha kampuni za bima kugharimia matibabu ya usonji. Mwaka 2007 South Carolina ikafuata kwa sheria iliyopiganiwa na mama wa mtoto, nayo ikawa mfano kwa wengine. Na kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na amri ya namna hiyo. Tena mwaka 2014 Serikali kuu iliyaeleza majimbo wajibu wao wa kuwatibu watoto wenye usonji katika Medicaid, ambayo ni bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo.

Wakati huohuo watoto wenye kutambuliwa kuwa na usonji waliongezeka. Idara ya Marekani ya kuzuia maradhi ilihesabu mtoto 1 katika 150 kwa mwaka 2000. Kwa mwaka 2022 ilihesabu 1 katika 31, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni kwa sababu watu wamejua kutazama na maana ya usonji imepanuliwa. Basi wahitaji wakawa wengi, na mlipaji akapatikana. Bima nazo huitaka kazi isimamiwe na mtu mwenye cheti au leseni, na majimbo zaidi ya 30 yametunga sheria za leseni. Ohio ni mojawapo. Mwenye cheti cha juu akawa kama nahodha mwenye hati: chombo hakitoki bandarini bila yeye, mabaharia wajapokuwa wengi. Hiyo ndiyo sababu ujira wa mchambuzi umepanda na wa msaidizi umebaki karibu na wa muuza duka, ingawa kofi na mateke ya mtoto humpata msaidizi kwanza.

Tufahamu vilevile jinsi malipo yenyewe yapitavyo. Tangu Januari 2019 kazi hii ina namba zake maalumu katika madaftari ya matibabu ya Marekani, na kila namba huhesabiwa kwa robo saa. Robo saa ya msaidizi akiwa na mtoto ina namba yake. Robo saa ya mchambuzi akirekebisha mafunzo ina yake. Robo saa iliyo na namba ina mlipaji. Isiyo na namba, kama vile kusafiri kutoka nyumba hadi nyumba au kumngojea mtoto asiyekuja, aghalabu haina mlipaji. Na mwajiri asipoibeba gharama hiyo, huibeba mfanyakazi.

Tufanye hesabu. Msaidizi ameahidiwa dola 20 kwa saa, na saa 30 kwa juma. Hizo ni dola 600. Juma hili mtoto mmoja ana mafua, na mwingine wazazi wake wamesafiri. Saa zikawa 21. Amepata dola 420. Hakuzembea, hakuchelewa, hakukosa adabu; mtoto ameugua, na theluthi ya ujira wake, kasoro kidogo, imekwenda na mafua. Mzee wetu, binti yako hakukudanganya. Alikuwa akikwambia kweli tupu.

Mchambuzi naye ana mtihani wake. Waajiri wengi humwekea idadi ya saa zenye mlipaji ambazo lazima azitimize, mara nyingi 25 hadi 30 kwa juma, na ziada akipita. Mtu atadhani hiyo ni kazi ndogo. Lakini kuandika taarifa, kuandaa vifaa, kujibu bima na kufundisha wasaidizi wapya hufanywa nje ya saa hizo. Mshahara wa dola 80,000 kwa juma la saa 40, na huohuo kwa juma la saa 55, si mshahara mmoja.

Na bei ya saa haiwekwi na mchambuzi, bali huwekwa na mlipaji, naye huweza kuibadili. Tutazame Indiana tena, palepale sheria ilipoanzia. Kwa miaka mingi Medicaid ya jimbo hilo ililipa asilimia 40 ya chochote alichodai mwenye kituo. Msomaji ajiulize, mtu aambiwaye "utapewa asilimia 40 ya udaio" atadai kiasi gani? Gharama zikapaa. Tangu 1 Januari 2024 jimbo likaweka bei moja, yapata dola 68 kwa saa ya msaidizi. Na Desemba 2024 wakaguzi wa Serikali kuu walitoa taarifa kwamba katika malipo ya 2019 na 2020 si chini ya dola milioni 56 zililipwa isivyopasa. Katika dola 68 hizo, msaidizi hupata kiasi cha 20. Zilizobaki hulipa mchambuzi wa kumsimamia, kodi ya nyumba, makarani, saa zisizo na mlipaji, na faida ya mwenye mali. Bei ikishuka, kimojawapo sharti kipungue, na mara nyingi kiangaliwacho kwanza ni ujira.

Wenye mali nao ni sababu. Kampuni kubwa za fedha ziliona bima zalipa, zikaja kununua vituo. Kampuni ya Center for Autism and Related Disorders, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilinunuliwa mwaka 2018 na Blackstone. Ikafika kufunga vituo vyake katika majimbo kadhaa, na Juni 2023 ikaenda mahakamani kuomba hifadhi ya waliofilisika. Walioajiriwa humo walikuwa na vyeti vilevile na bidii ileile. Lakini aliye chomboni hana salama chombo kikizama.

Zipo sababu nyingine, nazo tutazitaja kwa ufupi. Mahali: mshahara wa California wapendeza ukiusoma, mpaka usome na kodi ya chumba. Mwajiri: shule ya serikali aghalabu hulipa kwa daraja za walimu, pengine kidogo kuliko kituo, lakini huwa na likizo na akiba ya uzeeni, na mshahara haukatwi mtoto akiugua. Namna ya mapatano: mfanyakazi wa kawaida hukatwa asilimia 7.65 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, na mwajiri hulipa 7.65 nyingine; aliyeandikwa kama mkandarasi hulipa zote 15.3 peke yake, wala hana bima wala likizo, kwa hiyo saa yake ya dola 25 ni ndogo kuliko aionavyo. Uzoefu: mwenye miaka mingi na awezaye kusimamia wengine hupanda. Na uwanja: wengi mno wako kwa watoto wenye usonji, lakini wachache hufanya kazi viwandani na makampunini, wakichunguza usalama na utendaji wa wafanyakazi, na huko mlipaji ni kampuni yenyewe, nayo huweza kulipa zaidi.

Iko hatari moja yatupasa tuitaje, kwa kuwa ni amana. Ujira ukifungwa kwa saa, huja kishawishi cha kumwongezea mtoto saa ambazo hazihitaji. Mtoto wa miaka mitatu naye ataka kulala, kucheza, na kukaa na nduguze. Mchambuzi mwaminifu huandika saa zimfaazo mtoto, hata zikiwa chache. Na kituo chema humwachia aandike hivyo. Binti akiona kituo chake kinawaandikia watoto wote saa sawasawa, kama vipande vya sabuni, hiyo ni dalili ya kumtosha.

Basi sasa twarudi kwako, mzee wetu. Umeuliza uuguzi au hii. Kwa fedha peke yake, mshahara wa katikati wa muuguzi wa Marekani aliyesajiliwa ulikuwa dola 86,070 mwaka 2023. Ni karibu na wa mchambuzi kamili, tena uuguzi una soko katika nchi nyingi. Lakini binti yako hana digrii ya uuguzi, na kuianza ni kuanza upya; hali huku tayari ana digrii ya kwanza, ana kazi, na ana mlango wazi. Ametumia takriban miaka miwili kujifunza jambo ambalo mwingine hulisoma vitabuni tu. Sisi hatuoni haki umwambie aache. Wala hatuoni busara abaki msaidizi miaka kumi, maana daraja hiyo ni mlango wa kupita, si nyumba ya kukaa.

Ama mkopo, asiuguse kwanza. Wako waajiri huko ambao humlipia msaidizi karo yote au sehemu yake, na kumpa msimamizi wa zile saa 2,000, kwa sharti kwamba akihitimu awatumikie miaka kadhaa. Amtafute mwajiri wa namna hiyo, lakini asome sharti kwa macho mawili: akiondoka kabla ya muda, arudishe kiasi gani? Akihamishwa kituo, je, saa zake zitahesabiwa?

Na kabla ya kutia sahihi popote, aulize maswali haya na majibu yaandikwe. Ni saa ngapi nimehakikishiwa kila juma? Mtoto asipokuja, nalipwa au silipwi? Safari na kuandika taarifa zina ujira? Mimi ni mwajiriwa au mkandarasi? Wengi wa watoto wenu hulipiwa na nani: Medicaid, bima za kampuni, au shule? Mchambuzi mmoja husimamia watoto wangapi? Wanavyuoni wetu katika mlango wa ijara wameshurutisha kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Na kijana asiyeuliza haya ameingia katika mapatano ambayo ujira wake haujui.

Liko neno la mwisho, nalo ni la kurejea nyumbani. Tangu mwaka 2023 baraza lile la Marekani limewafungia mlango waombaji wapya wa nchi nyingi za nje, zikiwamo zetu. Kijana aliyeko Tanga au Mombasa hawezi tena kukiomba cheti cha BCBA akiwa hapa. Yapo mabaraza mengine, kama IBAO na QABA, yatoayo vyeti kwa watu wa nchi mbalimbali. Na aliyepata cheti huko akarudi hapa, ajue kwamba cheti atakuja nacho, ila mlipaji atamwacha nyuma. Kwetu hakuna sheria iilazimishayo bima kulipia kazi hii saa kwa saa. Mlipaji ni mzazi, au shule, au wafadhili. Elimu yake itahitajiwa mno, kwa kuwa watoto wenye usonji wamo mitaani mwetu, wengine wamefungiwa vyumbani kwa aibu. Lakini ujira wake hautakuwa ule wa Ohio. Akitaka kurudi, na aanze kuweka akiba mapema, tena apange kuwafundisha walimu na wazazi wengi kwa pamoja badala ya mtoto mmoja kwa saa.

Sheria zile za Marekani hazikushuka zenyewe. Walizitafuta wazazi waliochoka kuuza mali zao. Ujira wa mchambuzi ulizaliwa siku jamii ilipokubali kwamba mtoto yule apigaye kichwa ukutani ni wa wote. Mzee wetu, ukimwandikia binti yako, usimwite tena mlezi wa watoto wa watu. Mwulize mtoto gani juma hili amejifunza kuomba maji. Kisha mwulize saa zake zilikuwa ngapi, na zipi hazikulipwa. Maswali hayo mawili yatamwonyesha kuwa babake ameijua kazi yake na ameujua ujira wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali na busara ya kuitafuta.